Ushauri: Bweni limechomwa, bodi inataka wanafunzi wanne wafukuzwe kufikia Ijumaa

MjumbeWaWazazi

Hamjambo wadau. Naomba ushauri wa haraka kutoka kwa wanaojua sheria za shule. Niko kwenye bodi ya usimamizi ya shule moja ya bweni hapa Nairobi kama mwakilishi wa wazazi. Jumapili usiku, wanafunzi wakiwa prepu (masomo ya jioni), magodoro matatu yaliwashwa moto bwenini. Mvulana mmoja aliyekuwa amelala mgonjwa ameungua mkono. Nyuma ya vyoo kulipatikana chupa ya juisi yenye petroli pamoja na kiberiti. Wanne wa kidato cha tatu wametajwa, wameandika maungamo na wamerudishwa nyumbani. Mkutano wa dharura ni Ijumaa na ajenda ni moja tu: kuwafukuza.

Je, tuna mamlaka hayo? Polisi waitwe sasa au baada ya mkutano? Na yule aliyeungua tumfanyie nini? Sitaki watoto walale kwa hofu, lakini pia sitaki hata mmoja aadhibiwe kwa kosa la mwenzake.

Wakili_Milimani

Mjumbe, nianze na lile litakalowashangaza wenzako: bodi haiwezi kumfukuza mwanafunzi, na mwalimu mkuu peke yake ndiyo kabisa. Soma kifungu cha 35 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Kufukuzwa ni hatua ya mwisho, baada ya njia nyingine zote za kumrekebisha mtoto kujaribiwa, na baada ya yeye na mzazi wake kusikizwa. Kifungu hicho hicho kinataka mtoto huyo apelekwe mahali atakaporekebishwa huku akiendelea kusoma. Hakikusudii kumwacha barabarani.

Mwalimu mkuu anaweza kusimamisha masomo kwa muda. Bodi husikiza kesi, kisha hupeleka pendekezo kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Huko ndiko uamuzi wa kufukuza hutolewa. Asiyeridhika na uamuzi wa kaunti hukata rufaa kwenye Mahakama Maalum ya Rufaa za Elimu, kifungu cha 93.

Kwa hivyo Ijumaa mnaweza kusikiza na kupendekeza. Mkiandika kwenye kumbukumbu kwamba "bodi imewafukuza", mmempa mzazi wa aliyefukuzwa kesi yake mkononi, hata kama watoto walichoma kweli.

NaibuMstaafu

Nikazie kwenye ushahidi, maana hapo ndipo shule nyingi huanguka.

Hayo maungamo yaliandikwa saa ngapi, na nani alikuwa chumbani? Chukua karatasi zote nne uziweke mezani kando kwa kando. Ukiona sentensi inayorudiwa neno kwa neno, kwa mfano "sisi tuliamua kuchoma ili tupelekwe nyumbani", jua kuna mtu aliyekuwa akisomea watoto imla. Ukiona zote zimeandikwa kwa kalamu moja baada ya saa sita usiku, bila mzazi kuitwa, karatasi hizo hazina uzito. Kortini ndiyo hazisaidii kabisa: kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi kinakubali ungamo lililotolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi kuanzia cheo cha inspekta ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo. Naibu wa mwalimu mkuu hayumo.

Na kama kuna mtoto aliyechapwa ndipo aandike, aliyemchapa ndiye mwenye kosa la jinai. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni tangu 2001, na kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinaweka faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili.

Fanyeni hivi leo, msingoje Ijumaa. Fungeni bweni kwa kufuli na msifagie. Chupa isizunguke kwenye meza za walimu. Kila anayeishika anafuta alama za vidole na kuacha zake. Itiwe kwenye chombo safi kisichopitisha hewa, kama mkebe mpya wa chuma wenye kifuniko, iandikwe iliokotwa wapi, saa ngapi na nani, na ikabidhiwe polisi kwa sahihi. Mfuko wa karatasi au wa plastiki wa dukani hupitisha mvuke wa petroli, kwa hivyo kama polisi wako njiani, waacheni wenyewe wachague cha kuibebea.

Kisha chukueni rejista ya prepu ya Jumapili. Nani hakuwa darasani kati ya kengele ya kwanza na moto kuonekana? Karatasi hiyo moja, yenye sahihi ya mwalimu wa zamu, ina nguvu kuliko maungamo kumi. Linganisheni na kitabu cha lango pia. Petroli haikuota shuleni: kuna aliyeileta, na huenda si mwanafunzi.

MamaLangata

Mnajadili wanne, na aliyeungua amepitwa. Apelekwe hospitali ya serikali, hata kama nesi wa shule ameshampaka dawa. Mzazi wake aripoti kituoni, apewe namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) na fomu ya P3, ya kuthibitisha majeraha, ijazwe na daktari. Fomu hiyo ni ya bure. Pigeni picha ya mkono kabla bandeji haijabadilishwa, mkiwa na ruhusa ya mzazi, na picha zisitumwe kwenye grupu yoyote ya WhatsApp.

Na kwenye mkutano, mtoto huyu asilazimishwe kukaa ana kwa ana na walioshukiwa. Taarifa yake iandikwe mapema akiwa na mzazi na mwalimu wa ushauri nasaha. Akishindwa kulala, simu ya watoto ni 116, haina malipo.

Baba_Kayole

Samahani, lakini naona mnawatetea wahalifu. Moto wa shule ya Kyanguli 2001, walikufa wanafunzi 67. Moi Girls hapa hapa Nairobi, Septemba 2017, wasichana 10. Endarasha 2024, wavulana 21. Mtu akishika kiberiti bwenini anajua anachofanya. Watoke leo.

Wakili_Milimani

Baba Kayole, hofu yako ni ya haki kabisa na mimi sitaki bweni hata moja liwake. Ndiyo maana nasema polisi waitwe sasa, sambamba na utaratibu wa shule. Kuchoma jengo ni kosa la jinai ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha, na shule haina mamlaka ya kulimaliza ofisini. Msichana wa ule moto wa 2017 alishtakiwa na kuhukumiwa kifungo.

Lakini hawa bado ni watoto. Kwa Sheria ya Watoto ya 2022, aliye chini ya miaka 12 hawajibiki kwa jinai, na wa kidato cha tatu wameshapita umri huo, kwa hivyo wanaweza kushtakiwa. Wakishikwa, mzazi aarifiwe, wasichanganywe na watu wazima seli moja, na wafikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku inayofuata ya mahakama. Na wanne si mmoja. Aliyewasha, aliyeleta petroli, aliyesimama mlangoni na aliyetajwa kwa sababu ya ugomvi wa chakula hawapewi hukumu moja. Kila mmoja asikizwe peke yake.

MjumbeWaWazazi

Nashukuru sana. Nimeona rejista ya prepu: mmoja kati ya wanne ana sahihi ya mwalimu kwamba alikuwa darasani muda wote. Sasa nisaidieni na Ijumaa yenyewe. Barua kwa wazazi ilisema tu "mfike shuleni kuhusu nidhamu". Inatosha?

NaibuMstaafu

Haitoshi. Barua iseme kosa gani, siku gani, saa ngapi, wapi, ushahidi gani utatumika, na kwamba mzazi ana haki ya kuja na kumuuliza shahidi maswali. Hayo yamo kwenye kifungu cha 4 cha Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015. Ambatisheni nakala za taarifa. Kama zinafika Alhamisi jioni, sogezeni mkutano hadi wiki ijayo. Barua ya kuwasimamisha itaje siku ya kurudi, nakala iende ofisi ya elimu ya kaunti. Muda usioandikwa mwisho wake ni kufukuza kwa mlango wa nyuma.

Jambo moja gumu: mwalimu mkuu ndiye katibu wa bodi kisheria. Kama yeye ndiye aliyehoji watoto, atoe ushahidi wake kisha atoke wakati wa kuamua, na mtu mwingine aandike kumbukumbu. Naibu aliyeandikisha maungamo vivyo hivyo.

Kumbukumbu zionyeshe akidi, kila swali na jibu lake, na sababu ya uamuzi kwa kila mtoto kivyake. Yule mwenye sahihi ya prepu, mrudisheni darasani Ijumaa hiyo hiyo, kwa barua, na mwalimu wa darasa aliambie darasa kwamba hakuhusika. Akirudi kimyakimya wenzake watamwita mchomaji hadi amalize shule.

Wakili_Milimani

Mawili ya mwisho. Mzazi akiombwa kulipia magodoro, alipe kwenye akaunti ya shule, apewe risiti, na barua iandikwe kwamba malipo hayo si kukubali kosa. Na mkisikia mzazi ameambiwa "andika tu barua ya kuhama kwa hiari, tusikuharibie mtoto", pingeni. Mtoto hubaki bila cheti cha kuondoka, jina lake likiwa bado limeshikiliwa na shule ya zamani kwenye mfumo wa serikali wa usajili wa wanafunzi, na hakuna shule nyingine itakayomsajili. Shule za kurekebisha tabia kama Kabete, Getathuru au Dagoretti haziingiwi kwa barua ya mwalimu mkuu. Huko hupelekwa kwa amri ya korti ya watoto. Pendekezo lenu kwa kaunti litaje hasa ni wapi mnataka kila mtoto aendelee kusomea.