Seli shina kwa Parkinson: tulipie kliniki hii au tusubiri?

BintiWaKwanza
Wapendwa, baba anaugua Parkinson kwa miaka mingi. Levodopa, dawa yake ya kurudisha dopamini ubongoni, inamsaidia, ila siku hizi nguvu yake inakatika kabla ya saa ya kidonge kinachofuata. Anaganda mlangoni, mguu hauinuki. Kliniki moja inasema inatibu kwa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, malipo kwanza. Nasikia pia utafiti wa kweli upo. Nishike lipi?

MnyooshaViungo
Pole kwa kuuguza, dada. Utafiti upo, na mimi umenipa moyo sana. Aprili 2025 jarida la Nature lilichapisha majaribio mawili ya kupandikiza ubongoni seli zilizotokana na seli shina, za kutengeneza dopamini (kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kujongea, na Parkinson huipunguza): Kyoto, Japani, wagonjwa 7, Marekani na Kanada 12. Hakuna aliyeota uvimbe. Kyoto, kati ya 6 waliopimwa nafuu, 4 walijongea vizuri zaidi hata dawa ikiwa imeisha mwilini.

Ila shabaha ilikuwa usalama, na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Kwa Parkinson hilo ni zito, maana mgonjwa akiamini tu kwamba ametibiwa, ubongo wake huweza kumwaga dopamini akachangamka kwa muda. Tena seli zile ziliwekwa kwa upasuaji wa kichwa, na wagonjwa wakapewa dawa za kutuliza kinga ya mwili. Hao wenu wanadunga wapi?

MamaWawili
Mume wangu alikuwa hivyohivyo. Daktari alitaka kwanza tuandike saa za dozi, za kula na za nguvu kukatika. Kumbe chakula chenye protini nyingi kinagombea njia moja na levodopa, dawa inachelewa kufika ubongoni. Dozi zikapangwa upya, ndogondogo na za karibu. Miaka ikapita ndipo akawekewa elektrodi ubongoni, yaani nyaya nyembamba za kupitisha umeme, na hilo muulizie baba pia: wanaofaidika zaidi ni wale ambao levodopa bado inawasaidia. Sasa zipo hata mashine zinazosoma mawimbi ya ubongo na kurekebisha umeme zenyewe. Marekani iliziruhusu Februari 2025.

Akiganda, usimvute mkono. Mwekee mguu wako mbele, mwambie auvuke kwa hatua.

BintiWaKwanza
Wamenijibu: wanadunga mshipa wa mkononi. Silipi. Mama, daftari mlijaza kila baada ya muda gani?

MamaWawili
Kila nusu saa akiwa macho. Siku 3 zilimtosha daktari.