Bikari ya Donne: ni mapenzi au kujionyesha akili?

Mleta mada:
Wakuu, kuna hukumu moja inanikera. Mwaka 1779 mhakiki Samuel Johnson, akiandika maisha ya mshairi Cowley, alisema washairi wa metafizikia wa Uingereza, wale wa karne ya 17 wenye sitiari za ajabu za kiakili, wanayafunga nira kwa nguvu mambo yasiyofanana hata kidogo. Mpaka leo wapo wanaoirudia kana kwamba kesi imefungwa. Mimi naipinga.

Shika bikari, ile ya kuchorea duara shuleni. Chomeka mguu wa sindano kwenye karatasi, zungusha ule wa penseli. Sasa utazame wa sindano: hauhami, ila mwenzake akienda mbali nao unainama kumwelekea, akirudi, unasimama wima. John Donne, mmoja wa washairi hao, akimuaga mpenzi wake na kumwomba asilie, anasema nafsi zetu mbili ndizo hiyo bikari. Niambieni, ni ua gani au mwezi gani ungemweleza hivyo anayebaki nyumbani, kwamba naye amesafiri akiwa palepale? Sitiari hapo ndiyo hoja yenyewe. Itoe uone kama kunabaki hisia.

Mchangiaji:
Umechagua shairi linalokubeba. Lete lile la kiroboto. Kamuuma mwanamume, kamuuma mwanamke. Basi jamaa anadai damu zao zimechanganyika humo, ni kama wameshaoana, sasa bibie anakataa nini? Bibie anamponda kiroboto kwa ukucha. Jamaa hanyamazi, anageuza kibao: umeona, hukudhoofika, basi na heshima utakayopoteza ukinikubali ni ndogo vivyo hivyo. Huyo anapenda au anatetea kesi? Na sauti ya mwanamke haisikiki moja kwa moja hata mara moja. Mshairi John Dryden aliliona hilo mapema, 1693: Donne anawachanganya wanawake akili kwa falsafa pale alipotakiwa kugusa mioyo yao.

Mleta mada:
Mkuu, kiroboto nakuachia. Pale Donne anashinda ubishi tu, na mwanamke ana haki ya ukucha wake.

Lakini usiishie hapo. Mtu huyu alizaliwa katika familia ya Kikatoliki wakati Wakatoliki wakiandamwa. Mdogo wake Henry alifia gerezani mwaka 1593 baada ya kumficha padri. Donne mwenyewe akaishia kuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza, 1615. Kisha msome anavyoomba: yeye ni mji uliotekwa na adui, anamsihi Mungu aubomoe mlango aingie, na hatakuwa huru mpaka Mungu amfanye mateka. Kauli hiyo inayoonekana kujipinga ila ina ukweli, yaani kweli kinzani, unaiita ya kujionyesha? Nafsi iliyovutwa pande mbili tangu utotoni ingesema kwa lugha gani nyingine?

Na George Herbert, mshairi mwingine wa kundi hilo, je? Katika shairi lake la mabawa ya Pasaka, lililochapishwa 1633, mistari inafupika kadiri binadamu anavyofukarika, hadi inabaki na maneno mawili tu. Halafu inaanza kurefuka tena anapoomba kuinuka na Bwana. Geuza ukurasa kwa ubavu, unayaona mabawa. Nionyeshe nira iko wapi hapo.