Ushauri: Asali yenye mchango wa yatima ndani ya bei, niuze shilingi ngapi?

Mama Asali: Habari zenu wakuu. Niko Tabora mjini, nafungasha asali ya Sikonge kwenye chupa za nusu lita. Ndoo ya kilo 20 nanunua 180,000, inanitolea chupa 40. Chupa na kizibo 600, lebo 150, usafiri ukiugawanya ni kama 250. Jumla chupa moja inanisimamia 5,500, nauza 7,000.

Sasa nataka nipandishe iwe 8,000, ile elfu ya juu iende kwa yatima. Kwenye lebo kumeandikwa "Sehemu ya mauzo husaidia watoto yatima". Lakini sokoni asali ya chupa ya maji iko chini ya hapo, naogopa kukimbiza wateja. Usiku silali. Niweke 8,000, 7,500, au nibaki na 7,000 mchango utoke kwenye faida yangu?

Mjukuu wa Mirambo: Dada, sadaka haitangazwi. Mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto usijue. Ukishaibandika kwenye chupa hiyo ni biashara.

Msomi wa Isevya: Biashara na sadaka vinaweza kukaa chupa moja, mkuu. Tatizo ni hilo neno "sehemu". Sehemu gani? Asilimia 10 ya faida yako ni 150. Asilimia 10 ya mauzo ni 700. Mteja akisoma anafikiria ile kubwa. Taja shilingi. American Express walipochangia ukarabati wa Sanamu ya Uhuru kule New York mwaka 1983 walisema wazi: senti moja kila kadi inapotumika. Ikapatikana dola milioni 1.7.

Halafu angalia maduka. Mwenye duka akiweka asilimia 25 juu, chupa ya 7,000 inafika 8,750, ya 8,000 inafika 10,000. Mnunuzi katoa 1,250 zaidi, yatima kapata 1,000. Kubaliana nao kabisa kwamba elfu ya mchango haipigiwi faida.

Mke wa Dereva: Mimi mwaka jana nilinunulia watoto madaftari, jalada linasema shilingi mia ya kila daftari inanunua madawati. Nikamuuliza muuzaji, madawati ya shule gani? Akanijibu, "Mama unanunua au hununui?" Mwanangu wa darasa la tatu alikuwa ameyakumbatia, akayarudisha mezani mwenyewe, moja moja. Tangu siku hiyo nauliza kila kitu. Hao yatima ni wa kituo gani?

Mama Asali: Ni wa hapa hapa Tabora. Mimi nimeuliza bei.

Mke wa Dereva: Kituo gani, mama?

Mama Asali: Si kituo. Ni watoto watatu wa marehemu kaka yangu, naishi nao. Naomba msinirukie. Baba hawana, mama hawana, kama hao si yatima basi yatima ni nani? Hela ni ya sare, madaftari na nauli ya yule mkubwa. Kwenye lebo sijaandika uongo hata neno moja. Na lebo 1,000 zimeshachapwa, 150,000 yangu imeshatoka. Chupa 80 nimeshauza nazo.

Mjukuu wa Mirambo: Hao ni wanao sasa. Mteja anadhani anachangia watoto wa watu baki.

Nyota ya Ipuli: Mnamwonea. Angeweka bango la kituo barabarani mngechanga bila kuuliza. Njaa ya hao watoto ni ileile.

Msomi wa Isevya: Njaa ni ileile, ila aliyetoa hela hakujua anampa nani. Kuna jaribio lilichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Science. Kwenye bustani ya michezo Marekani wageni waliuziwa picha zao kwa bei wanayotaka wenyewe. Wastani wakalipa dola 0.92. Walipoambiwa nusu inakwenda kwenye hisani, walionunua walipungua, lakini wastani ukafika 5.33. Neno moja linamfungua mtu pochi namna hiyo. Ndiyo maana si la kuchezea.

Fundi Mizinga: Wakuu subirini kwanza. Kilo 20 zinatoaje chupa 40 za nusu lita? Asali ni nzito, lita moja inakaribia kilo 1.4. Kilo 20 ni lita 14 na kidogo, yaani chupa 28. Mimi narina huku Sikonge, ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 28, mgongo wangu unaijua. Huyu ama katunga, ama anaongeza maji. Kesho ataweka namba ya simu uzi ugeuke tangazo.

Nyota ya Ipuli: Duh. Mimi nimeshamtetea.

Mama Asali: Sijatunga. Ni ndoo ya lita 20, nimesema kilo kwa mazoea, mizani sina, napima kwa jagi. Na 40 hazifiki, ni 39, ile ya mwisho nawakwangulia watoto. Jina la asali sijaweka, namba sitaweka. Yule mdogo ndiye anayenibandikia lebo, ndiyo kwanza anajifunza kusoma. Juzi kaweka kidole kwenye chupa akasoma silabi kwa silabi, akaniuliza, "Shangazi, ya-ti-ma ni nani?" Sikumjibu. Ndiyo sababu silali.

Fundi Mizinga: Pole sana, shangazi. Nisamehe. Basi tafuta mizani, nunua kwa kilo. Ndoo ikipungua kilo mbili umepunjwa karibu chupa tatu, zaidi ya elfu kumi na mbili kwa bei unayonunulia ndoo. Hiyo hela anza kuiokoa kabla hujamwongezea mteja.

Msomi wa Isevya: Na uza 7,500 bila hiyo sentensi. Mia tano ni yako na wanao, hakuna wa kukudai maelezo.

Mama Asali: Nimelowesha chupa moja kwenye maji ya moto. Picha ya nyuki imechubuka, "yatima" bado inasomeka.

Mke wa Dereva: Paka mafuta ya kula, acha nusu saa, sugua na kitambaa kikavu. Ambazo hujabandika kata kwa mkasi. Hiyo sentensi iko wapi?

Mama Asali: Chini kabisa, mstari wa mwisho.

Mke wa Dereva: Kata.