Naomba ushauri: nichanganye Pijini (Kiingereza cha mtaani cha Nigeria) au nibaki na Kiingereza cha shule?

Wakuu, salaam. Niko Lagos kikazi, mwezi wa nne sasa. Ofisini bosi akiwepo, kila mtu anamwaga Kiingereza kilichonyooka. Akitoka tu, Pijini inatawala: "How far?" (vipi?), "I dey" (nipo), "Wetin happen?" (kumetokea nini?). Michapo, vicheko, hata dili zinapangwa humo humo. Mimi na Kiingereza changu cha sekondari naonekana kama mkaguzi.

Juzi nilimjibu mlinzi "I dey kampe" (niko fiti). Alicheka mpaka akanipa mkono, na tangu hapo geti halicheleweshwi. Ila nilipomwambia bosi "no wahala" (hakuna shida) alinikata jicho (na yeye kwenye simu ndiyo anayoongea!). BBC wenyewe wana idhaa ya Pijini tangu 2017.

Mliowahi kuishi huku, nianzie na nani, na kwa nani nisithubutu?