Wire Pass na Buckskin Gulch mwishoni mwa Agosti: gari ndogo itafika? Maji kiasi gani?

Kiatu_Kizito
Wakuu, salaam. Tuko watu wazima watatu na kijana wa miaka 13. Tutafikia Page, Arizona, wiki ya mwisho ya Agosti. Tunataka siku moja ndani ya pori la Paria Canyon–Vermilion Cliffs: kuingia kwa korongo jembamba la Wire Pass, kufika linapoungana na korongo jingine refu, Buckskin Gulch, kusogea ndani kidogo, kisha kurudi njia ileile. Hatulali huko. Gari ni ndogo ya kukodi, ya kawaida tu. Naomba kujua barabara ikoje, tubebe maji kiasi gani, kibali kinapatikanaje, na hili suala la mafuriko: watu wanalitia chumvi au ni kweli?

Mkondo_Mkavu
Hawalitii chumvi, mkuu. Na mwezi uliouchagua ndio wenyewe, maana mvua za radi huko ni Julai hadi Septemba.

Nchi ile ni mwamba mtupu na udongo uliookwa na jua. Mvua ikipiga hainywewi, inateremka yote kwa pamoja, na mikondo inaishia kwenye mpasuko ambao sehemu nyingine ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Maji ambayo uwandani yangekufika kifundoni, humo ndani yanapanda mita kadhaa. Ukiingia Buckskin tazama juu: utaona magogo yamebanwa kati ya kuta, mbali juu ya kichwa. Yalipandishwa na maji.

Kinachodanganya wengi ni kwamba mvua si lazima inyeshe ulipo. Tarehe 12 Agosti 1997, watu 11 walikufa Antelope Canyon, hapo hapo karibu na Page, kwa maji ya mvua iliyonyesha juu zaidi ya korongo. Ukiwa chini unaona utepe tu wa anga. Wingu lililo kilomita 20 kutoka kwako hulioni.

Kwa hiyo fanya hivi. Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani hutoa kila siku kiwango cha hatari ya mafuriko ya ghafla kwa maeneo hayo, ngazi nne: hayatarajiwi, huenda yakatokea, uwezekano ni mkubwa, yanatarajiwa. Angalia jioni ya kabla na tena alfajiri. Kwa korongo jembamba lisilo na pa kutokea, mimi naona ngazi ya kwanza peke yake ndiyo ya kuingia. Anza kutembea saa 12 na nusu au saa 1 asubuhi, saa 6 mchana muwe mmeshatoka, kwa sababu mawingu hujijenga mchana. Mkiwa ndani, mkisikia ngurumo kama ya upepo usiokwisha, au maji yaliyotuama yakianza kusogea na kubeba vijiti na povu, pandeni juu popote panapopandika, mizigo iacheni. Msikimbie kuelekea chini ya korongo. Maji yana mbio kuliko nyinyi.

Kuhusu barabara: House Rock Valley Road inachepuka kutoka barabara kuu namba 89, takriban katikati ya Page na mji wa Kanab, Utah. Kutoka hapo hadi Wire Pass ni vumbi, kama maili 8 na nusu (kilomita 13 na ushee). Ikiwa kavu gari ndogo inafika, polepole, ukiangalia sana vivuko vya mchanga. Soma na mkataba wa gari, mingi inakataza barabara za vumbi.

Toroli
Ikinyesha mnasubiri nusu saa, jua la huko linakausha haraka, mnaendelea.

Mkondo_Mkavu
Hapana, Toroli, hapo utawalaza watu porini. Juu panakauka haraka kweli, panatoa ukoko mzuri, lakini chini yake ni udongo wa mfinyanzi uliolowa. Tairi likivunja ukoko linazama na kuanza kuteleza kama limepakwa sabuni, hata la gari yenye kuvuta magurudumu yote manne. Tope hilo linaganda kwenye matairi mpaka mistari ya tairi inapotea kabisa. Ipeni siku nzima ya jua, na mara nyingine hata hiyo haitoshi. Na kama mvua inawakuta mmeshafika Wire Pass, kaeni na gari hapo hapo. Usijaribu kuiwahi barabara.

Mkitoka Page, kabla ya kona ya kuingia House Rock Valley mnapita kituo cha taarifa cha Paria, pembeni mwa barabara kuu. Kikiwa wazi simameni muulize hali ya barabara ya asubuhi hiyo.

Mama_Kambi
Naongezea ya maji na miguu.

Lita 4 kwa kila mtu, kijana naye hesabu yake nzima. Mkiwa wanne ni lita 16, lakini si lazima zote ziwe mgongoni: lita 2 na nusu hadi 3 kila mtu abebe, zinazobaki ziacheni kwenye gari kwa ajili ya kurudi. Mwanzo wa njia pana choo, maji hakuna. Maji matupu bila chumvi nayo yana hatari yake. Mtu anayetoka jasho masaa mengi huku akinywa tu anaweza kushusha chumvi ya mwili, aanze kichwa kuuma na kichefuchefu, nanyi mkadhani ni kiu mkamwongezea maji. Bebeni karanga zenye chumvi au unga wa chumvi za kuongeza maji mwilini.

Kutoka garini hadi makutano ni maili 1.7, yaani kama kilomita 2.7. Mwanzo mnafuata mto mkavu wenye mchanga mlaini unaochosha vifundo, kisha kuta zinabana. Humo kuna mshuko, jiwe kubwa lililokwama njiani, takriban mita 2 na nusu hadi 3. Kuna nyakati panakuwa na ngazi, kuna nyakati ni gogo, na kuna nyakati mchanga umejaa mpaka mnapita kama hapakuwa na kitu, kwa sababu kila furiko linapanga upya. Bebeni kamba ya mita 10 ya kushushia mikoba. Anayejua kupanda atangulie chini, mikoba ifuate kwa kamba, wengine washuke uso ukiangalia mwamba, naye awaelekeze miguu. Kabla ya kushuka jiulizeni kama wote wanne mtaweza kupanda tena. Mmoja akisita, rudini.

Ndani ya Buckskin kunaweza kuwa na madimbwi yaliyotuama tangu furiko la mwisho. Ni meusi, yananuka, na ni baridi hata Agosti maana jua haliyafikii. Pimeni kina kwa fimbo kabla ya kutia mguu. Yakizidi magoti, kwa safari yenu mimi ningegeuzia hapo. Viatu viwe vinavyotoa maji; buti la mvua likijaa linakuwa ndoo. Msitegemee kuchuja maji hayo, tope lake ni laini mno, linaziba kichujio mara moja.

Mguu ukizama kwenye mchanga unaodidimiza, usiuvute wima, unajifunga zaidi. Egemea nyuma, utikise mguu kidogo kidogo ili maji yaingie pembeni yake, kisha utoe taratibu kwa kuulaza.

Kiatu_Kizito
Ahsanteni sana. Bado kibali. Na je, The Wave, ule mwamba maarufu wenye mistari kama mawimbi, iko hapo hapo? Tukifika tunaweza kupitia?

Jabali
Ni vitu viwili tofauti, ingawa wote wanaegesha Wire Pass. Matembezi yenu ya siku moja hayana kikomo cha watu: mnalipa dola 6 kila mtu, basi. The Wave iko kwenye eneo linaloitwa Coyote Buttes North na huingii bila kushinda bahati nasibu. Wanaruhusiwa watu 64 au makundi 16 kwa siku, lipi litangulie. Sehemu kubwa inatolewa kwenye bahati nasibu ya miezi minne kabla. Inayobaki inachezwa siku mbili kabla ya kutembea, kwa simu, na simu iwe ndani ya eneo walilolipangia, ambalo Page imo. Ada ya kuomba ni dola 9 na hairudi. Ukiingia bila kibali ni faini.

Mchunge saa. Arizona haisogezi saa majira ya joto, Utah inasogeza. Agosti Page ikiwa saa 12 asubuhi, Kanab ni saa 1. Simu mpakani inaruka huku na huku, kwa hiyo izimieni mabadiliko ya moja kwa moja, muwe na saa moja mnayoifuata, hasa kwa muda wa mwisho wa kuomba.

Kijana mwambieni mambo mawili. Kwanza, jiwe mchanga likilowa linapoteza nguvu nyingi. Kishikio kilichokuwa imara jana kinavunjika mkononi leo, kwa hiyo hakuna kukwea baada ya mvua. Pili, pembeni ya mkondo ataona udongo mweusi wenye vichuguu vidogo, kama makaa yaliyosagwa. Ule ni ukoko hai, umeshikiliwa na bakteria, ndio unaozuia mchanga kupeperuka. Hatua moja inauvunja na kupona kwake ni miaka mingi. Mguu uwe kwenye mwamba au mchanga wa mkondo.

Kwenye makutano, upande wa ukuta, kuna michoro ya kale ya kondoo wa milimani. Imechongwa kwenye utando mweusi wa manganizi na chuma ulioganda juu ya jiwe jekundu. Macho tu, mafuta ya vidole yanaiharibu.

Kiatu_Kizito
Sawa kabisa. Nitaacha siku mbili wazi, nichague yenye anga safi. Na zote mbili zikikataa?

Mkondo_Mkavu
Toadstools. Iko kando ya barabara ileile namba 89, mnaifikia kabla ya kona ya House Rock Valley mkitokea Page. Mnaegesha kando ya lami, kibali hakihitajiki, kwenda na kurudi ni kama kilomita 3. Ni nguzo za jiwe laini zilizovaa kofia za jiwe gumu: kofia inakinga kilicho chini yake, pembeni pote pameliwa na mvua. Radi ikianza msikae huko juu kwenye nguzo, rudini garini.