Mjadala: Kwenye kwanjula (sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa binti), tulinde kanzu au nyuso?

Mwanzisha mada: Wapiga picha wenzangu wa Kampala, kuna fundisho linaloenea: pima mwanga usoni, kanzu zikiungua kwa mwanga kuzidi ziungue, maana mteja analipia sura. Napinga kabisa. Kidoa cha sensa (kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga) kikishajaa, mwanga unaozidi hauandikwi popote. Rangi moja kati ya nyekundu, kijani na bluu ikiponea, programu hukisia zilizobaki. Zote tatu zikijaa, kanzu ya babu inabaki bapa jeupe, mikunjo imetoweka na ile nakshi ya shingoni imefifia. Uso uliotoka giza kidogo huinuliwa baadaye kwenye programu. Pigeni faili ghafi (RAW, data ya sensa kabla ya kuchakatwa), mshushe mwanga stopu moja, yaani nusu. Faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, JPEG (picha iliyokwisha kuchakatwa na kubanwa) ina 256 tu.

Mchangiaji: Kaka, hapo sikubaliani. Kwa miaka mingi maabara zilisawazisha rangi za filamu kwa kadi za Kodak, kampuni ya filamu, zenye picha ya mwanamke mweupe, ngozi zetu zikatoka kama masizi. Leo tena tuzitie giza kwa ajili ya kitambaa? Ukiinua uso uliopigwa gizani zinakuja chengachenga za vidoa vidoa, na ngozi inapauka. Halafu familia inataka picha kwenye WhatsApp usiku uleule. Faili ghafi utazisafisha saa ngapi?

Mwanzisha mada: Suala la kadi ni la kweli na linaniuma kama wewe. Ila tazama tatizo linapoanzia. Kanzu na uso vikipata mwanga uleule, tofauti yao ni stopu chache tu, sensa ya leo inavibeba vyote. Balaa ni jua letu la saa sita, hapa karibu na ikweta: linapiga utosini, mabega yanawaka huku macho yamezama kivulini. Hapo ongeza mwanga usoni kwa flashi au ubao mweupe wa kurudisha mwanga, au waombe wazee wasogee ndani ya hema. Ngozi itang'aa bila kuchoma kanzu. Na msiogope mno histogramu (mchoro wa mgawanyo wa mwanga) ya kioo cha kamera: inachorwa kutokana na JPEG, kwa hiyo mara nyingi huonya kuwa mwanga umezidi kabla faili ghafi haijajaa.

Mnaotuma JPEG usiku uleule, ninyi mnashusha kiasi gani, na nyuso zinatokaje?