Ushauri: soksi za alpaka zitamfaa mama anayekama alfajiri Kuresoi?

MtotoWaMau
Habari za jioni wenzangu. Mama yangu anaishi Kuresoi, karibu na msitu wa Mau. Ana ng'ombe watatu, na saa kumi alfajiri yuko zizini na gambuti zake. Julai hii imemtesa. Jumapili nilimkuta ametia miguu kwenye beseni la maji moto, vidole havina hisia, visigino vimepasuka. Soksi zake ni zile nyepesi za nailoni tunazonunua stendi Nakuru. Zikishika jasho tu, ni barafu.

Shangazi aliye Marekani anakuja Desemba, na anataka kumletea soksi za manyoya ya alpaka, jozi moja kama dola 25. Hizo ni zaidi ya elfu tatu! Kweli zina joto hivyo? Zitadumu ndani ya gambuti, au baada ya mwezi kisigino kiko nje?

ViaziMolo
Pole kwa mama. Mimi niko Molo, nilizawadiwa jozi mbili na huu ni msimu wangu wa tatu nazo. Alpaka ni wa jamii ya ngamia, kwao ni milima ya Andes, Peru na Bolivia, kwenye baridi kuliko hii yetu. Manyoya yake hushika hewa, na hiyo hewa ndiyo inayotunza joto. Hata yakipata unyevu kidogo mguu haugandi.

Ila shangazi asome lebo. Alpaka tupu hailingani na kazi ya shambani: ikivutika hairudi, soksi hulegea, hujikunja chini ya unyayo na kisigino huisha haraka. Achague zenye nailoni kiasi na uzi kidogo wa mpira, na kisigino kiwe kimefumwa kwa unene. Zangu ziko hivyo.

MfumajiNjoro
Naongezea kuhusu kufua, maana hapo ndipo nyingi huharibikia. Maji baridi, sabuni kidogo, usisugue, usizisokote. Maji moto yatazifanya zinywee zimtoshe mtoto. Zilaze kivulini zikauke, wala usizitundike juu ya jiko. Mwezi wa joto ukifika zifungie vizuri, nondo wanapenda sana manyoya.

Na sufu ya kondoo wetu msiidharau. Ina joto zuri, ingawa wengine huwawasha.

MuuguziBonde
Ndugu, mimi nimesimama hapo kwa "vidole havina hisia". Mpeleke apimwe sukari na miguu ikaguliwe. Na hayo maji moto aache kwa sasa, mguu usiohisi huungua bila mwenyewe kujua. Jambo lingine: soksi nene ndani ya gambuti ileile itambana, damu isipite vizuri, na baridi izidi. Atafute gambuti kubwa zaidi kwa namba moja.

MtotoWaMau
Asanteni sana. Nimempigia sasa hivi. Anasema hisia hurudi jua likichomoza, lakini Alhamisi nampeleka kliniki hata akikataa. Gambuti zake ni namba 5, namtafutia 6. Shangazi nimemwandikia alete jozi mbili zenye mchanganyiko, apate za kubadilisha.

MfumajiNjoro, Desemba ni mbali. Ukimfumia jozi moja ya sufu ya kondoo ya kuvaa kwa sasa ni pesa ngapi? Mguu wake ni sentimita 24.